Hesabu ya Vumbi la Minjingu

Njiani kutoka Babati mjini kwenda Arusha iko Minjingu, ambako mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la kale yamegeuka mwamba wa fosfeti, malighafi ya mbolea. Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1956, wakati urani ilipokuwa ikisakwa kwa vipimo vya mionzi kutoka angani. Urani ndiyo iliyoifichua mbolea, na haijaondoka humo: anayesaga mwamba ule huivuta pamoja na vumbi. Mionzi yake ya alfa haipenyi ngozi, kwa hiyo urani ikishaingia pafuni, mionzi hiyo haitoki nje isomwe na kifaa. Dozi ya mionzi ndani ya mwili hukadiriwa, na nashikilia kwamba ukadiriaji huo ni ufundi wa kuheshimiwa kuliko usomaji wa mita yoyote.

Tuseme pampu ndogo kwenye kola ya mfanyakazi imeonyesha miligramu 1 ya vumbi katika kila mita ya ujazo ya hewa, na kila gramu ina bekereli 5 (kipimo cha mionzi) za urani-238. Akivuta mita za ujazo 1.2 kwa saa, saa 2,000 kwa mwaka, amevuta gramu 2.4, yaani bekereli 12. Hadi hapo ni hesabu ya shule ya msingi. Kazi yenyewe ni kujua chembe zina ukubwa gani, maana kubwa hunaswa puani na ndogo hushuka hadi vifuko vya hewa. Tena kama zinayeyuka upesi au hukaa pafuni miaka. Kwa chembe za mikroni 5, majedwali ya mwaka 1994 ya Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi yalizipa bekereli hizo 12 dozi ya milisiveti 0.007 zikiyeyuka haraka, na karibu 0.07 zikikawia. Tofauti ya mara kumi! Anayejali kazi yake hulichunguza vumbi lenyewe kabla ya kuchagua, kisha huongeza thoriamu, radiamu na poloniamu, uzao wa urani ambao mara nyingi huipita kwa dozi.

Watasema mtu wa majedwali hajawahi kushika sururu Minjingu. Kweli, lakini hesabu hii haimtibu mtu fulani. Huilinganisha kazi na ukomo wa milisiveti 20 kwa mwaka, wastani wa miaka mitano. Watasema pia kwamba vumbi lenyewe huenda likaumiza mapafu kabla ya mionzi. Huenda, ila bila kukadiria, hilo nalo lingekuwa kisio tupu.