Kasoro Zilizopigiwa Hesabu

Ukifungua mnada wowote mkubwa wa intaneti utakuta lenzi za shaba ya manjano zilizotengenezwa katika karne ya 19, zimepigwa picha juu ya meza ya mtu wa London au Paris, zinasubiri mnunuzi. Wengi wanaozinunua ili wazitumie husema wanatafuta mwonekano: uso uliokatika vizuri katikati, yaani unaoonekana wazi kabisa, na nyuma yake majani yanayozunguka na kufifia. Mwonekano huo upo, wala sibishi. Ila ukiishia hapo umeisifu nguo ukamsahau fundi aliyeikata. Ninachokiheshimu mimi katika lenzi kongwe ni uamuzi uliomo ndani yake. Hakuna lenzi inayopata yote. Kila mtengenezaji huchagua atakachokipata na atakachokiacha. Lenzi ya leo imesawazishwa kwa vioo vingi na programu ya kamera hata uchaguzi huo hauonekani tena. Ya zamani inauweka wazi, na anayeitumia analazimika kuujua.

Mfano mzuri ni lenzi ya picha za watu ya Joseph Petzval. Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha huko Paris mwaka 1839, lenzi iliyotumika, kazi ya Charles Chevalier, ilikuwa na tundu dogo la kiasi cha f/15, na picha ilidai dakika kadhaa za jua. Jengo litangoja dakika hizo. Mtu atapepesa macho na kutikisa kichwa. Petzval alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna, hakuwa msaga vioo. Kabla yake mafundi wengi walikuwa wakifika kwenye lenzi nzuri kwa kujaribujaribu. Yeye alianzia kwenye karatasi, akisaidiwa na askari wa mizinga waliozoea kukokotoa, na mwaka 1840 akatoa mchoro wa vioo vinne: viwili vimegandishwa pamoja mbele, viwili vimeachiwa nafasi nyuma. Kampuni ya Voigtländer ya mji huohuo ikaitengeneza. Tundu lake lilikuwa pana zaidi, f/3.6 hivi, kwa hiyo ilipitisha mwanga zaidi ya mara 15 kuliko ile ya Chevalier. Tangu hapo sura ya mtu ikawa kitu kinachoweza kupigwa bila kumtesa.

Kasi hiyo ililipiwa. Taswira inayotoka kwenye lenzi hii hailali juu ya ubapa, imepinda; ukiweka bamba la picha lililonyooka, katikati patakatika na pembeni patapotea. Wapo wanaoliita jambo hili udhaifu wa watu wa kale ambao hawakujua zaidi. Wanakosea. Mwaka 1843 Petzval mwenyewe alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu kupinda huko, na kanuni aliyoipata bado inaitwa kwa jina lake kila mahali lenzi zinapobuniwa. Alikijua alichokiacha. Anayepigwa picha hukaa katikati. Kando yake kuna pazia na nguzo ya studio, vitu visivyodai kuonekana uzi kwa uzi. Na wapiga picha wa zama hizo nao waliielewa hesabu hiyo kwa mikono. Walipopiga kundi, waliwapanga watu kwa upinde, wa pembeni wakisogea mbele kuielekea kamera, ili kila uso uangukie mahali lenzi inapoona vizuri.

Mpiga picha Julia Margaret Cameron alikwenda mbali zaidi. Alipewa kamera mwishoni mwa mwaka 1863, akiwa na miaka 48, katika kisiwa cha Wight huko Uingereza, na lenzi yake ya kwanza ilikuwa ya aina hii, imetengenezwa Ufaransa. Wakosoaji wa magazeti ya upigaji picha walimlaumu kwamba picha zake hazikatiki. Zitazame leo: jicho limekaa sawasawa, na kabla hujafika sikioni nyama imeshaanza kulainika kuwa mwanga. Alikuwa ameamua ni wapi pa kusimamisha lenzi, na alisimama alipotaka yeye.

Basi anayenunua kitu hiki kwa mbali, bila kukishika, anunue kwa akili ileile. Jina lililochongwa kwenye mwili wa shaba si ushahidi wa kutosha, kwa sababu vioo vinaweza kuwa vimetoka kwenye lenzi nyingine. Aangalie kama kuna mpasuo juu ya mwili: hapo ndipo vilipoingizwa vibamba vyenye tundu, ubunifu wa John Waterhouse wa mwaka 1858. Usipokuwapo, huenda lenzi ni ya kabla ya hapo, lakini mara nyingi zaidi ilitoka kwenye taa ya kuonyeshea picha ukutani. Hilo lisimvunje moyo. Taa hizo zilitumia mchoro uleule wa Petzval, na bei yake huwa nafuu. Amwombe muuzaji amulike tochi kwa nyuma na kupiga picha: utomvu uliogandisha vioo vya mbele ukianza kuachia, utaonekana kama madoa au duara lenye rangi za upinde wa mvua. Utando wa vumbi na mafuta hufutika. Kuvu waliokwisha kula kioo hawana dawa, na anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja ajue kwamba hata lenzi iliyofika safi itaota kuvu akiifungia kwenye mkoba wa ngozi. Unyevu wa hewa ya pwani ndio unaowastawisha.

Kuna jambo dogo linalonivutia kuliko yote. Ukifungua baadhi ya lenzi za Jamin na Darlot, watengenezaji wa Paris, kwenye ukingo wa kioo, sehemu inayofichwa na shaba, utakuta jina limeandikwa kwa penseli. Halikuwekwa kwa ajili ya mteja. Ni la warsha, na limesaidia kutambua lenzi nyingi ambazo nje hazina jina lolote. Unapofungua, weka alama ya mpangilio wa vioo viwili vya nyuma na pete iliyo kati yao, kwa maana wamiliki waliotangulia wamezoea kuvirudisha kinyume, kisha lenzi nzima ikahukumiwa kuwa mbovu.

Kwenye matumizi, kosa kubwa ni kuifunga lenzi ya bamba kubwa kwenye kamera ya dijitali yenye sensa ya milimita 24 kwa 36. Sensa itachukua katikati tu, mahali palipokatika, na kila kilichomfanya mtu ainunue kitabaki nje ya picha. Anayetaka kuiona yote atumie filamu kubwa au bamba. Haina shata, kwa hiyo kifuniko kinavuliwa na kurudishwa kwa mkono. Tena vioo hivi havina tabaka la kuzuia mwakisiko, lililobuniwa na Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss mwaka 1935. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Hapa nyuso ni sita, kwa hiyo takriban sehemu moja ya tano haifiki, na sehemu ya mwanga huo huzurura ndani ya lenzi na kutanda juu ya weusi. Karatasi nyeusi iliyoshikwa juu ya lenzi kuikinga na mwanga wa pembeni hubadilisha picha nzima.

Mtu atauliza: kwa nini taabu yote, na simu inaweka ukungu nyuma ya uso kwa kubonyeza mara moja? Nakubali kwamba kwenye kioo kidogo cha simu wengi hawatatofautisha. Lakini programu hukisia nini kiko mbele na nini kiko nyuma, ndiyo maana hukosea kwenye nywele; lenzi haikisii. Na ukungu wa programu huja baada ya picha na huweza kufutwa, ilhali mwenye lenzi hii huamua kabla, wakati mtu bado amekaa mbele yake, asogezwe au asisogezwe. Mwingine atasema heri mtu anunue Petzval mpya, kama iliyotolewa upya na kampuni ya Lomography kuanzia mwaka 2013. Kwa mwenye kamera ndogo ni ushauri mzuri kabisa. Na kwa nyaraka au majengo, asitumie yoyote kati ya hizi.

Ninachokipinga ni kukata mwili wa shaba ili kuingiza tundu la kisasa, kama baadhi ya wanunuzi wanavyofanya. Hakuna haja. Kwa lenzi yenye mpasuo, kadi nyeusi na mkasi vinatosha: kwa makadirio, gawanya urefu wa fokasi kwa namba unayoitaka, na lenzi ya milimita 150 itakayofanya kazi kwenye f/8 inahitaji tundu la milimita 19 hivi.