Tupa kwenye ukingo wa ndovu wa Tabora

Niseme mapema: ile tupa haikupaswa kuigusa sarafu. Mliokuwepo Makina, Kibera, mliona wenyewe. Rupia 15 ya dhahabu ya mwaka 1916, ndovu kainua mkonga mbele ya milima, ilikuwa imelazwa juu ya gazeti. Mnunuzi kutoka Kawangware akaomba, “Mzee, tukwaruze kidogo tu tuone ndani.” Mzee akawatazama wanawe, akasema, “Haya, mwanangu.” Tupa ikapita ukingoni, chini ya miguu ya ndovu, vumbi la njano likadondoka gazetini. Kisha tone la tindikali kwenye alama ya tupa. Mahali pale pakabadilika rangi, na mnunuzi akatangaza kuwa sarafu ni bandia.

Tindikali ile ilikuwa ya karati 22. Ndovu wa Tabora ni karati 18. Wajerumani, meli zao zimezuiwa baharini na vita vimewabana, waliipiga mjini Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke: sehemu 750 kwa elfu, gramu 7.168, jumla ya vipande 16,198. Kuipima kwa tindikali ya karati 22 halafu kuilaumu ni kumwonea.

Hofu ya mnunuzi naielewa. Nairobi hii ya utapeli wa wash wash, ambapo masanduku ya shaba huuzwa kama dhahabu, imetufunza kutoamini hata macho yetu. Ila hofu yake ilikuwa na swali moja, na tupa ikajibu jingine. Tupa inakwambia kama madini ya ndani yanafanana na ya nje. Wanaoghushi ndovu huyu hawahitaji kupaka rangi. Wanaweza kuchukua dhahabu halisi kabisa na kuipigia muhuri wa uongo, kwa kuwa sarafu yenyewe ina thamani kubwa kuliko dhahabu iliyomo. Kwa hiyo kinachobishaniwa ni muhuri: mistari ya manyoya ya tai wa upande wa pili, umbo la herufi, kama nakshi ya kulia inaishia chini ya T ya OSTAFRIKA au chini ya A ya kwanza. Zote mbili ni halali, ni aina mbili zinazojulikana. Hakuna tupa inayosoma hayo.

Na hata swali la madini lilikuwa na jibu lisiloacha kovu. Mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, bilauri ya maji, uzi. Ukiizamisha sarafu ikiwa imening’inia, ndovu halisi husukuma maji ya karibu nusu gramu. Ya shaba yenye uzito huohuo husukuma gramu 0.8 au zaidi. Ya karati 22, kama gramu 0.4. Kibera hiyohiyo ina mafundi wanaoyeyusha kufuli kuukuu na bomba za maji kutengeneza bangili. Wangemwambia shaba ni ipi kabla chai haijapoa.

Baadaye familia ikaituma ng’ambo kwa wakadiriaji wa sarafu, ikiwa na picha nzuri na bima. Hilo lilifanywa vizuri.

Ikarudi na maandishi mawili: ni halisi, ukingo umepigwa tupa. Namba haikupewa. Mnajua vipimo vya Sheldon vya hali ya sarafu, 1 hadi 70, vilivyoanza 1949: sarafu iliyojeruhiwa hufungiwa kwenye plastiki bila namba, na wanunuzi huipita kama mgonjwa.

John Walker wa makumbusho ya Uingereza alizisoma sarafu za masultani wa Kilwa kwa maandishi na mizani. Helen Brown wa Oxford alipochapisha habari za sarafu tatu za dhahabu za al-Hasan bin Sulaiman mwaka 1991, alizilinganisha na za shaba za sultani huyohuyo. Hao walikuwa wataalamu. Leo kila mwenye chupa ya tindikali ni mtaalamu. Na msinianzishe habari za wanaosugua sarafu kwa Brasso, wala za wale wanaochomea kitanzi wavae sarafu shingoni. Nimeyaandika hayo hadi wino ukaisha.

Je, kila sarafu ya dhahabu ipelekwe kwa wakadiriaji? Hapana. Krugerrand ya kawaida bei yake hufuata uzito wa dhahabu. Ada ya kukadiria ni hasara tupu, isipokuwa ukiitilia shaka. Shilingi 100 za Kenyatta za 1966, gramu 7.6, zina ubishi wake: zilipigwa chache, lakini nyingi zimetunzwa vizuri, kwa hiyo peleka zile tu zisizo na mkwaruzo hata mmoja. Ndovu wa Tabora, aliyeghushiwa sana na anayetafutwa sana, apelekwe kila mara.

Wewe uliye na wa kwako sandukuni, Makina au Kawangware: usimsugue, mshike kwa ukingo tu, mpime kwa maji, mpige picha pande zote mbili. Mnunuzi akitoa tupa mfukoni, funga sanduku.