Datsun 240Z: Kagua Bati Kabla ya Injini

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari wakiwa na Datsun 240Z, na nyuma yao ikafuata 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda. Alilingana pointi za adhabu na Harry Källström, kisha akapewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. Kwa mtu wa Lubunga, hapa Kisangani, anayetaka gari la michezo la kuendesha leo na kuuza kwa faida kesho, sioni la kulichambua kabla ya hili. Sifa yake ilipatikana kwenye vumbi jekundu na matope, njia za aina tunazozijua hapa ukingo wa kushoto wa mto Kongo.

Wengi huamini kwamba ushindi ndio unaopandisha bei. Sivyo. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari enzi zile. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili kwa 911 Carrera RS, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake. Mwaka 1978 Vic Preston Jr naye akawa wa pili kwa 911. Pamoja na hayo, Carrera RS ya 1973 leo ina bei ambayo 240Z ya kawaida haiikaribii. Porsche ilitengeneza 1,580 tu za aina hiyo, ilhali 240Z zilipita 150,000.

Basi kwa nini 240Z nayo imepanda? Nyingi ziliozeshwa na kutu, na nyingine zilichezewa: injini ngeni, madigadi yaliyopanuliwa, usukani wa dukani. Kilichoadimika ni ile ambayo haijaguswa. Huko Marekani gari hili lilipoingia sokoni liliuzwa dola 3,526. Januari 2020 moja ya mwaka 1971, iliyotembea kidogo na kubaki kama ilivyotoka kiwandani, iliuzwa kwa mnada dola 310,000. Hiyo ni bei ya pekee, na asiipigie hesabu mtu anayenunua gari la kawaida, lakini inaonyesha soko linalipia nini. Nissan wenyewe wanalielewa hilo: gari la Herrmann lipo kwenye hifadhi yao ya Zama, Japani, na mibonyeo ya Safari ingali mwilini mwake.

Ukaguzi uanze kwenye bati. Injini ya L24, silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, ina bloku ya chuma cha kutupwa na mnyororo wa kuzungusha kemshafti. Ni ngumu kufa, na fundi mzuri huifufua. Bodi ndiyo inayokula pesa, maana gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Sakafu na bodi ndizo zinazobeba kila kitu. Toa betri utazame bati lililo chini yake, kwa kuwa asidi humwagika hapo kisha ikashuka hadi kwenye mhimili wa mbele. Kunja zulia, uone sakafu. Lala chini ufuate mihimili miwili inayopita chini ya viti, ukigonga kwa mpini wa bisibisi: penye uzima hulia, penye kuoza hunyamaza. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya madigadi ya nyuma na chini ya mlango wa buti. Isiposhika, hapo pana puti chini ya rangi. Ukinunua Kenya, magari yaliyokaa Nairobi au Nakuru huwa na nafuu kuliko ya Mombasa, kwa sababu ya chumvi ya bahari.

Halafu namba. Za usukani wa kulia, kama za Kenya, huanza na HS30. Za usukani wa kushoto ni HLS30. Namba iliyogongwa kwenye ukuta kati ya injini na abiria ifanane na ya kibati kilicho chini ya boneti, na namba ya injini ifanane na iliyoandikwa kwenye kibati hichohicho. Zikipishana, gari bado linaweza kukupa raha, ila bei ishuke sana. Sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo HS30 itakusumbua kidogo unapopita lori. Ningevumilia. Kubadilisha upande wa usukani ni kuharibu kile hasa ulichokinunua.

Jambo moja mafundi wengi hulisahau. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kisangani iko karibu na mita 400. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na kabureta mbili za Hitachi zilizorekebishwa huko zimepunguziwa petroli ili ziendane nayo. Ukilishusha gari hapa, hewa nzito inaingia, mchanganyiko unakosa mafuta, injini inachemka na valvu zinaweza kuungua. Kabla ya kulikimbiza, legeza nati iliyo chini ya kila kabureta kwa kipimo kilekile pande zote mbili, uendeshe kidogo, kisha ufungue plagi. Nyeupe, ongeza mafuta. Hudhurungi ya maziwa, acha hapo.

Asiyeweza bei ya Z asikate tamaa. Peugeot 504 ilishinda Safari mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 kupitia kupe yake ya V6, na Kongo nzima ina mafundi walioizoea. Saluni haitapanda bei haraka. Kupe, yenye bodi iliyojengwa na Pininfarina, ina nafasi nzuri zaidi.

Ukiwekewa Z mbili, moja imepakwa rangi mpya inayong'aa lakini haina karatasi, nyingine imefifia ila ina kadi yake ya kwanza, risiti za gereji na namba zinazolingana, mimi ningechukua iliyofifia, nisiipake rangi. Pesa iliyobaki ningenunulia silinda za breki, raba za milango na nta ya kupulizia ndani ya mihimili kabla gari halijapanda kivuko, kwa sababu unyevu wa mto huu hauna msimu.