Dirisha la Kadi na Jicho la Kulipima

Kijana wa Morogoro akiitwa kwenye usaili wa msaidizi wa kumbukumbu au karani wa mapokezi hospitalini, kwa kawaida hukimbilia kukariri. Husaka maswali ya miaka iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp, hushika hatua za kupokea na kusajili barua, kisha tangu treni ya umeme ianze safari mwaka 2024 huipanda pale mjini kwenda Dodoma kichwa kikiwa kimejaa maneno. Simlaumu, maana mchujo wa maandishi huyataka maneno hayo. Mahojiano ya ana kwa ana yana sura nyingine. Huko wanaweza kukaa watu walioishi na majalada miaka mingi, na mtu wa namna hiyo humtambua upesi anayejua tofauti ya kazi nzuri na kazi iliyopambwa. Jicho hilo hufunzwa kwa kutazama. Morogoro pa kutazama ni pengi: hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini, vituo vya afya vya kata, zahanati za mlimani Uluguru, upande wa Kinole, Matombo na Mgeta. Siku utakayomsindikiza shangazi kliniki, kaa kwenye benchi usichati. Tazama mikono ya karani, magonjwa ya watu yaache.

Jicho changa hudanganywa kwanza na reki. Likiona majalada yamesimama kama askari wa gwaride, linasema hapa pana kazi. Subiri kwanza. Jalada likitoka kwenda kwa daktari, mahali pake panabaki na nini? Kwenye masjala nzuri panabaki kadi inayosema limekwenda chumba gani, limechukuliwa na nani, tarehe ngapi. Reki yenye kadi hizo zimechomoza huku na huko haipendezi machoni, lakini kila pengo lina maelezo. Reki iliyonyooka bila kadi hata moja ina maana mbili tu: ama leo hakuna mgonjwa aliyekuja, ama majalada yametoka na hakuna ajuaye yalipo.

Halafu tazama mpangilio wa namba. Baadhi ya hospitali kubwa zenye utaratibu mzuri hupanga kwa tarakimu mbili za mwisho, kiasi kwamba jalada 04-17-32 linakaa kwenye sehemu ya 32 pamoja na yote yanayoishia hivyo. Mtu asiyeijua kazi huona ni vurugu. Sababu yake ni kwamba majalada mapya husambaa kwenye sehemu 100 badala ya kurundikana mwisho wa reki, na makarani watatu wanaweza kutafuta kwa wakati mmoja bila kugongana viwiko. Zahanati ya kijijini yenye kabati moja haina haja ya hayo. Mwaka na namba vinatosha, na karani anayeng'ang'ania mfumo wa hospitali kubwa kwenye kabati moja anajionyesha tu.

Sasa majina, na hapa ndipo mlima unapomtofautisha karani na karani. Ukiita Mkude, Kobelo au Kunambi kwenye benchi lolote la Morogoro, watageuka zaidi ya mmoja. Tena mtu yule yule leo anajiandikisha kwa jina la baba, mwezi ujao kwa jina la babu, na nyumbani wanamwita jina ambalo haliko kwenye karatasi yoyote. Karani mzuri huuliza majina matatu, kijiji, kitongoji, na namba ya simu pamoja na mwenye simu hiyo, kwa sababu mara nyingi ni ya mjukuu. Na kabla ya kufungua namba mpya, hutafuta ya zamani. Karani wa kufungua namba mpya kila akikutana na ugumu huonekana mchapakazi, foleni inasogea, watu wanamsifu. Kumbe anazaa majalada mapacha. La kwanza limeandikwa kwamba mgonjwa ana mzio wa dawa fulani. La pili ni jeupe, na ndilo lililoko mezani kwa daktari leo.

Umri nao ni kipimo, na mimi ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Bibi ameshuka kutoka Matombo, ameulizwa miaka, amesema hajui. Karani mvivu humtazama usoni akaandika namba iliyomjia. Karani mwenye kazi yake huanza na "Shikamoo bibi," akishajibiwa marahaba huuliza: ulizaliwa kabla ya Uhuru au baada? Kama ni kabla, wazee walikuwa wakisimulia fujo za matuta, wewe ulikuwa mgongoni au hujazaliwa? Fujo hizo ni za 1955, pale wakulima wa Uluguru walipokataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kama ni baada ya Uhuru, Azimio la Arusha lilikukuta unatembea? Kutoka Uhuru wa Desemba 1961 hadi Azimio la Februari 1967 kuna miaka 5 na ushei, na miaka hiyo si ya mchezo: wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo kwenye msamaha wa gharama za matibabu, pamoja na wajawazito na watoto chini ya miaka 5. Umri uliobuniwa dirishani unaweza kumtoza bibi fedha ambayo sera haimdai. Kalamu ya karani ina nguvu hiyo, na mwombaji anayelijua hilo hahitaji kuliambia jopo kwamba anapenda kuhudumia watu.

Sikiliza pia sauti. Kuna madirisha ambayo mtu wa benchi la tatu anajua nani ameelekezwa kliniki ya kifua kikuu na nani amekuja kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya huyo wa pili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imetandaza ulinzi kwenye taarifa za mtu kwa upana zaidi, lakini vizazi vya makarani wazuri vilikuwa vikishusha sauti hata kabla ya sheria hizo. Dirisha zuri huita kwa jina au namba, na yanayobaki huandikwa kwenye karatasi au huulizwa kwa kuinamia. Kama kioo kina tundu dogo linalomlazimu mgonjwa kupaza sauti, karani anayejiheshimu hutoka nje.

Bima nitaipita haraka. Wenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza mwaka 2001, hutengenezewa madai, na madai hukatwa kwa makosa madogo ya karani: jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye kadi, saini haipo, tarehe imerukwa. Kituo kinatibu, fedha hairudi. Jua hilo, inatosha kwa siku ya kwanza.

Kinachostahili muda ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 14 cha waliolazwa, na mwisho wa mwezi hujumlishwa taarifa zikapanda wilayani na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa taifa. Hapa usafi usikuhadae. Rejesta iliyojazwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, mistari imetulia kuanzia tarehe 1 hadi 30, huenda imejazwa usiku wa tarehe 30. Rejesta ya kweli inaonyesha siku zilivyokwenda: Jumatatu mwandiko umebanana kwa wingi wa watu, kalamu imebadilika saa za mchana, siku ya mvua kubwa za masika ina majina machache kwa sababu barabara za mlimani zimeteleza. Kosa lililokatwa mstari mmoja na kuwekewa saini ni dalili nzuri kuliko kosa lililofutwa kwa rangi nyeupe. Tazama pia kama mahudhurio ya kwanza ya mwaka yametenganishwa na ya marudio. Wengi huchanganya, na wakichanganya, mgonjwa mmoja wa shinikizo la damu anageuka wagonjwa 12 kwenye takwimu za mwaka.

Ukishapata jicho hilo, swali la jopo halikutishi. Chukua lile linalopendwa: mgonjwa amefika, jalada halionekani, utafanya nini? Jibu la kukariri ni kwamba utamwomba radhi na kumtaarifu msimamizi. Sawa, lakini umekimbia kazi. Mwenye jicho hujibu kwa mpangilio wa mikono: nitasoma namba upya, kwa kuwa 32 na 23 hubadilishana kwenye macho yaliyochoka, nitaangalia majalada ya jirani, kushoto na kulia, nitafungua daftari la kutolea majalada, nitakwenda kliniki aliyohudhuria mara ya mwisho, maana majalada hulala kwenye droo za watu. Wakati huo mgonjwa asisubiri, namfungulia la muda lenye alama, na la zamani likionekana nayaunganisha siku hiyo hiyo. Jibu hilo halina neno gumu hata moja.

Kuna mambo ya mlangoni. Vyeti viwe halisi, maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba karatasi za matokeo ya muda hazipokelewi; kitambulisho kisisahaulike; nauli, chakula na malazi ni juu yako. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja na cha kidato cha nne kinasema jingine, tengeneza kiapo cha majina mapema. Mtu aliyekuja kuomba kutunza majina ya wenzake huku yake hayafanani anawapa wasaili kazi ya kutabasamu. Mavazi ni yale ya ofisini. Ukiingia, "shikamooni" haijawahi kumnyima mtu kazi, hata kama mmoja wao ni rika lako.

Wakikwambia mwisho kwamba una nafasi ya kuuliza, usiulize mshahara, ngazi yake iko kwenye tangazo la kazi. Uliza hivi: umeme unapokatika na mfumo wa kompyuta ukazima, wagonjwa wanaandikwa wapi, na nani huwarudisha kwenye mfumo umeme ukirudi? Hapo zamu ya kupima ni yako. Wakikutajia daftari na mtu wa zamu, ofisi hiyo ina wenyewe. Wakitazamana na kucheka, jua kwamba ukipata nafasi, kazi hiyo itakuwa yako kuanzia Jumatatu ya kwanza, kwa hiyo nunua daftari lenye jalada gumu na ulichore safu kabla hujaripoti.