Kukata Kabla ya Kumeza: Namna ya Kulinda Vyombo vya Stima Rongai

Anayetafuta kinga ya runinga au friji mara nyingi huuziwa ekstensheni yenye taa ndogo na maandishi kwamba inazuia stima kupanda. Ndani yake mna kidonge bapa kiitwacho varista, kilichofungwa kati ya waya wa moto na nyutro. Volti 240 za kawaida hufika kilele cha kama 340, na hapo kidonge kinatulia tu. Volti zikiruka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kinafunguka na kumeza ziada. Kazi hiyo kinaiweza kwa sababu mruko ni mfupi. Ziada ikidumu, kidonge kinapata moto na kupasuka, na ekstensheni yenyewe inaweza kuwaka. Kwa hiyo nashikilia kwamba katika nyumba ya Rongai, chombo cha kununua kwanza ni kile kinachokata stima, na kile kinachomeza kifuate baadaye.

Sababu iko kwenye nguzo. Transfoma ya mtaa hutoa nyaya tatu za moto na nyutro moja: kati ya moto na nyutro mna volti 240, kati ya moto na moto mna 415. Nyutro ikilegea au ikikatwa na tawi, nyumba zilizo kwenye nyaya tofauti za moto zinabaki kugawana zile 415 kulingana na mzigo wa kila moja. Kwenye nyumba yenye hita na pasi taa zinafifia. Kwa jirani mwenye runinga na dekoda tu, volti zinapanda kuelekea 400 na kukaa huko mpaka fundi aje. Mradi wa Last Mile wa kuunganishia nyumba stima, uliozinduliwa 2015, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Ni jambo la heri, ila waya mrefu una viungo vingi vya kulegea, na volti zake hushuka mashine ya kusaga unga inapowaka na kupanda inapozimwa. Hakuna varista inayotibu hali hizo.

Hatari nyingine huja stima inaporudi. Kenya ilipozama gizani tarehe 25 Agosti 2023, stima ilirudishwa sehemu baada ya sehemu. Kila sehemu inapowashwa, friji, pampu na pasi za mtaa mzima huvuta kwa pamoja, na volti huyumba. Tena kompresa ya friji haitaki kuwashwa papo hapo: shinikizo kwenye mabomba yake halijasawazika, mota inakwama na kuvuta mkondo mkubwa unaochoma koili. Kilinda friji, kile kiboksi kinachokaa kati ya soketi na friji, hukata volti zikipita kiwango, juu au chini, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima.

Wapo watakaosema swichi kwenye kisanduku cha mita inatosha. Hiyo hukata mkondo ukizidi. Volti 400 zinaweza kuua dekoda kabla mkondo haujafika kiwango chake. Wengine watasema hili ni jukumu la Kenya Power, na kwamba Sheria ya Nishati ya 2019 imefungua mlango wa fidia. Ni kweli, na haki hiyo idaiwe. Lakini dai linahitaji ushahidi na subira, na maziwa ndani ya friji hayana subira. Wa tatu watalalamikia gharama. Basi anza na friji, kisha runinga, na kabla ya kulipa soma kwenye kiboksi kama kinahimili volti 415.

Varista ina nafasi yake kwa radi, lakini kinga kubwa ya radi inayofungwa kwenye kisanduku cha mita inategemea ethi, yaani waya na nondo vinavyopeleka stima ardhini. Udongo wa huku wa majivu ya volkano hukauka upesi, na ukikauka hupitisha stima kwa shida. Nondo fupi yenye klampu iliyoshika kutu haina msaada. Mwambie fundi apime ethi wakati wa kiangazi, si baada ya mvua. Mawingu yakikusanyika, chomoa plagi na waya wa antena. Hakuna mkato ulio kamili kuliko huo, na haugharimu hata shilingi.