Sarufi Ndani ya Mchezo

Nilifundisha sarufi chuo cha ualimu kwa miaka mingi, wala sikutarajia kuikuta tena ndani ya mchezo wa watoto. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha Skript, programu ya nyongeza kwa seva za Minecraft, mchezo kutoka Uswidi ambao toleo lake kamili lilitoka mwaka 2011. Mwenye seva huandika amri zake kwa sentensi za Kiingereza chepesi: mchezaji akiingia, msalimu; akivunja jiwe lenye almasi, mpe zawadi. Wachezaji wenyewe hawaongezi chochote katika kompyuta zao.

Nausifu uwazi wake. Msimbo wake umetolewa kwa leseni ya GPL, hivyo yeyote aweza kuusoma, kuubadili na kuugawa.

Lakini Skript hujifanya inaelewa lugha ya binadamu, kumbe inatambua miundo iliyopangiwa tu. Badili neno kidogo, au kosea nafasi mwanzoni mwa mstari, nayo itakataa. Tena mlango wake ni Kiingereza. Asiyekijua hubaki kunakili asichokielewa.

Hata hivyo, ikikataa hutaja mstari wenye kosa. Hapo, msomaji, nilinyamaza. Mimi niliandika “Rudia” kwa wino mwekundu bila kuonyesha kosa lilipo, nikauita huo ukali wa kazi. Wanafunzi wangu wakawa walimu, na wengine, nahofu, waliuchukua wino ule ule. Kwa hilo programu hii imenizidi ualimu.