Sarafu ya shaba haiombi kungaa

Mutu akiokota sarafu ya shaba shambani, upande wa Butembo ao wa Beni, mara moja anaisuguaka: majivu, mchanga, ndimu, na jioni inangaa sawa sufuria mupya. Jirani wanasifu. Siye hatusifu.

Tuangalie sarafu zenyewe. Zile za shaba za Dola Huru ya Kongo, zinazobeba mwaka 1887 na iliyofuata, ziko na tundu katikati. Upande mmoja kuna nyota na mwaka. Upande mwingine herufi L mbili-mbili na taji, alama ya Léopold II, pamoja na maandishi yanayomwita mtawala wa Kongo. Na hakukanyaga hapa hata siku moja! Maandishi hayo ni membamba. Ndimu inakula shaba, mchanga unakwangua, na ule ushuhuda unafutika. Kinabaki kipande chekundu chenye tundu, ambacho kitarudia weusi tu.

Rangi ya kahawia ao ya kijani iliyo ngumu haiko uchafu; ni ngozi inayolinda shaba. Udongo ndio wa kuondoa: loweka ndani ya maji safi ya mvua siku kadhaa, ukibadilisha maji, kisha kijiti laini, pole pole. Kausha kabisa, funga ndani ya karatasi. Lakini unga-unga wa kijani chepesi ni ugonjwa, unapenda unyevu. Sarafu ya vile itengwe na zingine, pakavu.

Hata mwenye kutafuta feza tu anapata hasara: wakusanyaji wanalipa kidogo kwa sarafu iliyosuguliwa.